Taa Nyekundu ya Betri

Kumi na mbili na nukta mbili, na haipandi, injini inanguruma lakini namba ya volti kwenye mita imekaa pale pale kama mgeni aliyegoma kuondoka, altaneta inayoilisha betri ingekuwa inafanya kazi namba ingepanda ikagusa kumi na nne au karibu yake, kwa hiyo betri inatoa tu haipokei, inaliwa bila kurudishiwa, ndiyo maana asubuhi gari la Baba linakohoa mara moja likanyamaza na majirani wanatoka na kandambili kulisukuma... na simu inatetemeka tena mfukoni mwa ovaroli, ni kaka, nani mwingine, sitaitoa, mikono yangu imejaa grisi na yeye anajua mikono yangu saa za kazi hujaa grisi, lakini anatuma tu, umeshamwambia, umeshamwambia, kama vile kumdanganya Baba ni kufungua kifuniko cha rejeta, unazungusha, unaweka pembeni, basi. "Vipi, fundi?" Baba amechungulia dirishani, mikono yake yote miwili iko kwenye usukani ingawa gari halina pa kwenda, limesimama katikati ya banda langu na magurudumu yamewekewa mawe. "Bado napima, Baba." "Pima, mama, pima binti yangu, bila haraka, gari hili halijawahi kunitupa njiani." "Na juzi je?" hiyo ni sauti ya Mama kutoka kiti cha pembeni. "Juzi lilikuwa nyumbani, gari haliwezi kumtupa mtu nyumbani kwake," na Baba anacheka peke yake, Mama hacheki, nasikia zipu ya mkoba wake ikifunguliwa na kufungwa, ikifunguliwa na kufungwa, na jirani yangu mchomeleaji naye ameanza kukata bomba, msumeno unapasua masikio, maneno mengine ya Baba yanamezwa, naona midomo tu inakwenda na mimi naitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, sijui nimekubali nini.

Jana kaka aliongea kwa ile sauti yake ya mkutanoni, sauti ya mtu aliyekwisha kuamua na sasa anatafuta wa kumbebea mzigo, mwambie altaneta imekufa, alisema, mwambie spea zake hazitengenezwi tena, gari lenyewe limekuzidi umri, atalikubali hilo, mimi nikimwambia aache kuendesha atasema nimeota mapembe, lakini gari likimkatalia lenyewe atamlaumu nani, na akisikia kwako wewe fundi wake hatabisha, hatabisha hata kidogo... na mimi nikajibu nini, nikajibu nitaona, neno la woga hilo, nitaona, unalitupa katikati ya ndiyo na hapana na kila mtu anaokota upande anaoutaka, kaka akaokota ndiyo. Na simlaumu, wanawe wawili ndio waliokuwa kiti cha nyuma siku ile pale kwenye mzunguko, na mabegi yao ya shule mapajani, Baba akakata kona na yule mtu wa baiskeli alikuwa tayari yumo barabarani, amepakia kreti za mikate hadi usawa wa kichwa, mtu mzima yule, shati la njano, akaruka akaiacha baiskeli iende zake, mikate ikatapakaa lami nzima na magari mengine yakaanza kuikanyaga, goti tu ndilo lililochubuka, tukashukuru, na Baba akasema alitokea upande wa jua, nasi tukasema kweli jua la asubuhi ni baya, linampofusha hata kijana, tukalifunga jambo kwa jua. Ila yule binti mdogo wa kaka alimwambia baba yake usiku ule akiwa anavua soksi, Babu hakukanyaga breki alipomwona, alikanyaga aliposikia kishindo, hivyo tu, akaendelea kuvua soksi. Kuanzia hapo watoto hawapandi tena gari la babu yao, wanaambiwa Babu amechoka, Babu ana kazi, na Baba kila asubuhi anawaona wanapita kwa miguu na anajifanya anamwagilia maua.

Kwa hiyo leo nilipoinua boneti niliomba, sijui kama kuna fundi mwingine aliyewahi kuomba hivyo, niliomba altaneta iwe imekufa kweli, iwe imeungua waya zote za ndani, itoe moshi, niishike mkononi nimwonyeshe, tazama Baba, ndiyo hii, na maneno ya kaka yasiwe uongo tena yawe taarifa, watu husema maiti haina kosa, basi nilitaka maiti... Nikaanza kwa utaratibu kama anavyonijua, maana Baba anasikiliza kila hatua hata akiwa amekaa kule, nikabonyeza mkanda kwa kidole gumba, umekaza vizuri, haujapasuka, haupigi kelele, nikatikisa vichwa vya betri, vimebana, nikafuata waya wa ethi, ule hasi wa betri, mpaka kwenye bodi, msafi, nikamwuliza Baba kwa sauti kubwa, "Ukifungua swichi kabla hujawasha, ile taa nyekundu ya betri inawaka?" Akajibu palepale, "Inawaka vizuri tu," nami nikaiacha, nani amtilie shaka mtu aliyelijua gari hili kabla hata hajazaa mtoto wa kike, nikasema basi ni kaboni za altaneta zimekwisha, au kirekebishi cha ndani kimeungua, twende mbele. Na betri yenyewe ni mpya, jirani yake ndiye aliyemshauri, badilisha betri mzee, akabadilisha, ikafa, akarudi dukani akapewa nyingine, ikafa nayo, ndivyo watu walivyo, betri ndiyo inayozimika mbele ya macho yao kwa hiyo betri ndiyo mwizi, hakuna anayeuliza nani hakuilisha, wanabadilisha kitu bila kupima na kesho wanashangaa ugonjwa umebaki.

"Fundi!" "Naam, Baba." "Linanguruma vizuri, si unasikia?" "Nasikia." Na kweli linanguruma vizuri, hilo ndilo linaloniuma, injini ya umri huu na haina hata kikohozi, mwenyewe amelitunza, mafuta kwa wakati, maji kwa wakati, viti vimevalishwa vitambaa vya Mama... Nashika waya wa aksileta hapa kwenye kabureta, nauvuta, injini inapanda, inapiga kelele, ngoja, mita, mita imeruka, kumi na tatu, kumi na nne, kumi na nne na nukta moja, imekaa, naachia, injini inashuka na namba haishuki nayo, imebaki juu, inachaji, altaneta inachaji, ni nzima, ni nzima kabisa jamani, na moyo wangu unaanguka kama spana iliyoponyoka chini ya gari, fundi gani mimi, nimepata habari njema na nimezipokea kama za msiba. Imelala tu ilikuwa, ilihitaji kuamshwa. Simu inatetemeka. Nyamaza, kaka, nyamaza kidogo, maiti yako imefufuka.

Hebu nifikiri, altaneta ya zamani kama hii haiamki yenyewe, inahitaji umeme kidogo wa kuianzishia, tone tu, na hilo tone haliji kwa waya mnene, linapita kwenye ile balbu ndogo ya taa nyekundu ya dashibodi, ndiyo maana ukifungua swichi taa inawaka, ule mwanga ni umeme unaopita kwenda kuiamsha altaneta, ikiamka taa inazimika, kazi yake imekwisha, kwa hiyo balbu ikiungua unakosa vyote viwili, hakuna wa kukuonya na hakuna wa kumwamsha mwenzake, injini inazunguka na altaneta inazunguka nayo imelala fofofo. Isipokuwa ukikanyaga mafuta kwa nguvu, hapo chuma chenyewe kina sumaku iliyobaki ndani, kidogo sana, lakini mzunguko ukiwa mkali kinajiamsha chenyewe, kama nilivyofanya sasa hivi. Basi ni balbu. Lakini Baba kasema taa inawaka, nimemwuliza na kasema inawaka vizuri tu, balbu haiwezi kuwaka na kuungua kwa wakati mmoja, mmoja kati yao anakosea, waya au... "Baba, zima kwanza." Anazima, na msumeno wa mchomeleaji unabaki peke yake hewani. "Fungua swichi tu, usiwashe injini." "Tayari." "Taa ya betri?" "Inawaka." Anasema kama mtu anayeulizwa jina lake. Na zipu ya Mama imesimama.

Nazunguka, nafuta mikono kwa tambara, nainama dirishani kama nimekuja kusalimia, harufu ile ile ya gari hili, vitambaa na mafuta na peremende za Baba, dashibodi ndiyo hiyo, taa ya oili inawaka, taa ya breki ya mkono inawaka, na katikati yao, pale pa betri, giza. "Ipi, Baba?" "Hii hapa," na ananyoosha kidole, kidole kinene chenye kovu la feni, hakitafuti, hakisiti, kinakwenda moja kwa moja mahali penyewe hasa pa taa ya betri na kinagusa kioo juu ya giza, "hii hapa, nyekundu," na macho yake hayaangalii kidole, yanaangalia mbele, ukutani, kwenye matairi yangu ya zamani, au pale anapodhani pana ukuta, sijui anaona nini, sijui hata kama ananiona mimi au anaona ovaroli lenye sauti ya binti yake. Nainua macho na Mama ananitazama. Hatikisi kichwa, hakonyezi, ananitazama tu kama mtu aliyebeba ndoo kichwani kwa safari ndefu na sasa ameona mtu anayeweza kumtua. "Ahsante, Baba," nasema, na narudi mbele, nainama nyuma ya boneti iliyoinuliwa, pazia zuri boneti, huku hakuna anayeona uso wa fundi.

Hakuona. Hakusema uongo pia, sidhani kama ni uongo, ametoa jibu la siku zote, taa ile ilikuwa ikiwaka maisha yake yote na yeye amenisomea kwa kichwa kama mtu anayesali... basi ndivyo anavyoendesha, anaendesha barabara anayoikumbuka, kona zipo pale zilipokuwa, daraja lipo pale lilipokuwa, ila watu wa baiskeli hawakai mahali pamoja. Na Mama, Mama, jamani, Jumapili ile niliyopanda nao kiti cha nyuma kwenda kumwona shangazi, nilidhani uzee umemfungulia Mama mdomo, tangu lango la nyumbani hadi kule hakunyamaza, tazama yule mama na ndoo zake anavuka kama yuko ukumbini kwake, na Baba akapunguza mwendo, lo, hawa vijana wamechimba tena shimo lao pale mkono wa kushoto, na Baba akavuta kulia, hili lori limesimama vibaya, mume wangu, mbona taa zake za nyuma zote mbili zimevunjika, na Baba akasimama, taratibu, nyuma ya lori, na mimi nikawa nacheka kule nyuma, nikamwambia Mama ungeajiriwa redioni, na yeye akageuka akanitazama na hakucheka, akarudi mbele haraka, haraka mno, nikadhani nimemkera. Alikuwa anatazama barabara. Alikuwa anaendesha kwa mdomo. Kila safari, kila mtu, kila shimo, kila mbuzi, anamkabidhi Baba kwa sauti ya umbea ili Baba asijue anakabidhiwa, na siku ile ya mikate Mama hakuwemo, alibaki nyumbani na goti lake linalomsumbua, hilo nalo hakuna aliyeliuliza.

Na nyingine hii, ngoja, hii inakuja polepole lakini inakuja, balbu haikuungua juzi, vumbi lililo kwenye kile kioo na weusi ule ni wa siku nyingi, huenda imeungua kitambo sana na gari likawa linachaji vilevile, kwa sababu Baba hakuwahi kuendesha polepole, Baba aliendesha lori la maziwa miaka yote ya ujana wake na maziwa hayangoji, alikuwa akitoka alfajiri kuzunguka mashamba na saa ya chai kiwanda kimepokea, watu wa njiani walijua saa kwa mlio wa gia zake, na hata na hili gari lake dogo kila akitoka langoni alikanyaga mafuta kama anapandisha mlima na mapipa, Mama akipiga kelele, na kwa kukanyaga kule altaneta ilikuwa inajiamsha yenyewe, kila siku, bila balbu, bila mtu kujua. Mpaka akaanza kwenda polepole. Ndiyo. Gari halikubadilika, mguu ndio uliobadilika, aliogopa, Baba alianza kuogopa barabara, akawa anakanyaga kama mtu anayepita chumba chenye mtoto aliyelala, na altaneta ikabaki imelala, na betri ikaanza kufa, betri ya kwanza, betri ya pili, na sisi tukatafuta ubovu kwenye betri. Aliogopa peke yake, na Mama akaogopa pembeni yake, na kila mmoja akijifanya wanakwenda matembezi.

Simu. Naitoa, grisi na iwe grisi. "Umeshamwambia? Usilegee. Ni kwa faida yake." Kwa faida yake, na ni kweli, kaka, hilo ni kweli, hawezi kuendesha, leo nimeona kwa macho yangu hawezi, hata kutoka hapa hadi kwenye lango hawezi, uongo wako ungefanya kazi na pasingekuwa na mtu wa kuumia, gari lingekaa uani limefunikwa turubai, Baba angelifuta kwa kitambaa, angesema spea, spea ndio tatizo, angewaambia wageni wote, gari zima hili, spea tu, na angengoja, namjua, angengoja spea, angeniuliza kila nikienda, vipi, fundi, zimepatikana, na mimi ningejibu bado, Baba, na angengoja.

Mimi najua kungoja kwa namna hiyo. Bibi, mama yake Baba, alilala chumba kimoja na mimi, ndiye aliyenisuka, na siku moja nikarudi shuleni kitanda chake kimetandikwa shuka nyeupe, nikauliza, shangazi akasema Bibi amesafiri, atarudi, kula kwanza, na wote wakasema hivyo hivyo, nyumba nzima, Mama pia, huku macho yao yamevimba, nikakaa dirishani, nikakaa kesho yake, nikamwekea kipande cha mkate kila jioni maana alipenda mkate uliokauka wa kuchovya, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kunitoa pale. Baba alikuwa safarini na lori, akarudi, akaniona dirishani, akauliza huyu anafanya nini, wakamnong'oneza, akanishika mkono mpaka nje akanipandisha kwenye lori, kiti cha juu kile, akafunga mlango, hakuwasha injini, akaniambia mama, Bibi amekufa, hatarudi, usingoje. Hivyo. Nilimpiga ngumi, nilimpiga kwenye bega na kwenye shavu, na yeye akakaa tu pale kwenye usukani mpaka nilipochoka, hakuniambia nyamaza, hakuniambia amekwenda pazuri, alikaa na mimi. Nilimchukia wiki ile. Lakini sikukaa tena dirishani... Na katika watu wote wa nyumba ile ni yeye niliyekuwa nikimwuliza mambo, tangu siku ile, niliposhindwa mtihani nilimwuliza yeye kama nina akili, nilipoposwa na yule kijana wa duka la vitambaa nilimwuliza yeye unamwonaje, akaniambia namwona anajipenda, sikuolewa naye, na nilipotaka ufundi nilimwuliza nitaweza, akasema mwanzoni hutaweza.

Na sisi wote tumempa hukumu bila kumpima. Hata mimi, mwenye mita mkononi. Nani amempeleka kwa daktari wa macho, nani ameuliza ni mtoto wa jicho au ni kitu kingine, labda ni utando wa kuondolewa, labda siyo, labda ni lile la nuru kuondoka polepole isirudi, sijui, na yeye hajui, na hajauliza kwa sababu akiuliza atajibiwa. Lakini kwenda kumwambia mtu mzima huoni, mtu aliyekuzaa, aliyepita usiku wa mvua na mapipa ya watu na hakuwahi kukwaruza hata kioo, unaanzia wapi, lugha gani ina adabu ya kutosha, nikimaliza nitasimama wapi, nitamwamkia vipi kesho... naweza kubadilisha balbu nikanyamaza, gari liwake, liende, Mama atangaze, hilo nalo ni uongo, na lina baiskeli mbele yake.

Nasimama. Natoka nyuma ya boneti. Msumeno bado unakata, na ni afadhali, itabidi niiname karibu, hakuna wa banda la jirani atakayesikia, naegemea mlango, bati ni la moto, masikio yake yamepauka na yana nywele nyeupe ambazo Mama humkata kwa mkasi mdogo. "Baba." "Naam, fundi." "Ile taa uliyonionyesha. Uliiona?" Anacheka kidogo. "Naijua ilipo." "Najua unaijua ilipo. Nimekuuliza kama uliiona." Kicheko kinakwisha, hakikatiki, kinakwisha tu kama maji kwenye mfereji, mikono yake inateleza kwenye usukani, inapanda, inashuka, na namngoja, nangoja anikaripie, nangoja aseme wewe ni nani, angesema hivyo ningeomba radhi mara moja, naijua nafsi yangu. "Hapana," anasema Baba.

"Haiwaki," Mama anasema, na sauti yake imepasuka, "haijawaka siku nyingi, nimechoka mwanangu, nimechoka kutangaza barabara kama mtangazaji wa mpira, nikifika nyumbani koo limekauka." Na Baba anageuza kichwa upande wake, taratibu, anautafuta uso wake. "Kumbe hukujua kwamba najua?" "Nini?" "Ulipokuwa ukiwasema watu njiani. Nilijua kwa nini unawasema. Nilidhani na wewe unajua kwamba najua." "Sasa kama ulijua ukaniacha niongee kama kasuku?" "Ningefanyaje, mke wangu, ungenyamaza ningegonga mtu," na Mama anampiga begani kwa mkoba, si kwa nguvu, halafu anaushika mkono wake ulioshuka kwenye gia na hauachii, na mimi nimesimama pale nje kama mtoto aliyefungua mlango bila kubisha hodi. "Na gari?" Baba ananiuliza bila kugeuka. "Gari ni zima, Baba. Balbu tu imeungua. Altaneta yako ni nzuri kuliko nyingi zilizoletwa hapa mwezi huu." "Nilijua," anasema, "nilijua halina kosa," na anapumua, na pumzi ile ni ndefu. "Basi ni mimi." Hapa pana maneno mengi ya kusema, siyo wewe, ni umri, ni Mungu, sote tutafika huko, nayaona yamejipanga kama spana ukutani na hakuna hata moja linaloenea kwenye nati hii. "Ni macho yako, Baba. Na hayajapimwa. Tutayapima. Yanaweza kupona na yanaweza yasipone, sijui. Lakini leo huwezi kuendesha."

Anatazama mbele kwenye matairi yangu. "Na kaka yako alitaka uniambie nini?" "Nani kakwambia kaka alitaka..." "Nimemlea mimi." Mama anageukia dirisha lake. Naweza kumlinda kaka, naweza kusema hakutaka kitu, uongo mdogo, wa undugu, na nashangaa kwamba haunijii, natafuta na haupo. "Alitaka nikwambie altaneta imekufa na spea hazipatikani." Baba anaitikia kwa kichwa, mara moja, mara nyingine, kama fundi anayesikiliza fundi mwenzake akieleza ubovu, hana hasira, au hasira itakuja baadaye, kesho, huenda akanuna wiki nzima kama nilivyonuna mimi, na anune, ni haki yake. "Ningekuamini," anasema.

Basi. Nilidhani nikisema, kitu kitaanguka, nilidhani atapungua mbele yangu nami nitalazimika kutazama pembeni, lakini amekaa vilevile, bega ni lile lile, gari halijasogea hata unyayo, mawe yako kwenye magurudumu na boneti iko juu, mchomeleaji anakata bomba lake. Sikumnyang'anya kitu, naliona hilo sasa, kilikwisha kuondoka na alikuwa akikilinda peke yake. Anagusa mpini wa mlango kama anataka kushuka, halafu anaurudisha mkono. "Hakuna haraka, Baba," namwambia, "kaa tu," na ninaegemea mlango ule wa moto, karibu naye, ninakaa naye.